Kung'arisha rimu za alumini

Kung'arisha rimu za alumini ni kazi ya kusugua uso wa rimu za pikipiki zilizotengenezwa kwa aloi ya alumini hadi ziakisi mwanga kama kioo. Kazi hiyo hufanyika viwandani kwa mashine, lakini inaweza pia kufanyika nyumbani au katika karakana ndogo kwa kutumia msasa, maji, vitambaa na dawa ya kung'arishia. Mng'ao wake hautokani na kitu kinachopakwa juu ya rimu. Hutokana na metali yenyewe, baada ya mikwaruzo yake kupunguzwa hatua kwa hatua hadi isionekane tena.

Rimu hubeba uzito wa pikipiki na watu waliomo, tena imeshikana na tairi, beringi na breki. Kwa hiyo kosa dogo katika kuing'arisha linaweza kuwa hatari barabarani, hata kama rimu inapendeza kwa macho.

## Alumini katika rimu za pikipiki

Alumini ni elementi yenye namba atomia 13. Densiti yake ni gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, yaani karibu theluthi moja ya densiti ya chuma. Ilitengwa mara ya kwanza na Mdenmark Hans Christian Ørsted mwaka 1825. Kwa miaka mingi ilikuwa metali ya bei kubwa, hadi mwaka 1886 ambapo Mmarekani Charles Martin Hall na Mfaransa Paul Héroult waligundua, kila mmoja peke yake, njia ya kuizalisha kwa kutumia umeme.

Wepesi wake uliifanya ipendwe na watengenezaji wa pikipiki. Rimu nyepesi hufuata mashimo na matuta ya barabara kwa urahisi zaidi, na injini hutumia nguvu kidogo kuizungusha. Kuna aina tatu za kawaida:

- Rimu ya alumini inayoshikwa na spoku nyembamba za chuma.
- Rimu ya kumiminwa, ambapo aloi iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu na gurudumu lote hutoka kama kipande kimoja. Aina hii ilienea kuanzia miaka ya 1970.
- Rimu ya kufuliwa, ambapo aloi hukandamizwa kwa nguvu kubwa ikiwa ya moto bila kuyeyuka, kisha huchongwa kwa mashine.

Aloi inayotumiwa sana kwa kumimina huwa na silikoni kiasi cha asilimia 7 pamoja na magnesi kidogo. Chembe za silikoni ni ngumu kuliko alumini inayozizunguka, kwa hiyo hazisuguliki kwa kasi ileile. Ndiyo sababu rimu ya kumiminwa iliyong'arishwa huwa na rangi ya kijivu kidogo, ilhali rimu ya kufuliwa hutoa mng'ao mweupe zaidi.

Pikipiki nyingi zinazotumiwa kama bodaboda katika Afrika ya Mashariki zina rimu za chuma zilizopakwa kromi au rimu za alumini zilizopakwa rangi. Zile za kromi hazisuguliwi kwa msasa, kwa kuwa tabaka la kromi ni jembamba sana. Likiisha kukwanguliwa, chuma kilicho chini yake hushika kutu.

## Kwa nini uso laini hung'aa

Alumini huakisi takriban asilimia 90 ya mwanga unaoonekana. Ndiyo maana vioo vya darubini kubwa za kuangalia nyota hupakwa tabaka jembamba la metali hiyo. Hata hivyo rimu mpya ambayo haijang'arishwa haionyeshi sura ya mtu. Uso wake una vilima na mabonde madogo yanayoutawanya mwanga kila upande. Mwanga unarudi, lakini taswira imevurugika.

Ili uso uwe kioo, vilima hivyo vinatakiwa kuwa vidogo sana vikilinganishwa na urefu wa wimbi la mwanga. Mwanga unaoonekana una mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Kwa kanuni inayoitwa kigezo cha Rayleigh, uso unahesabiwa kuwa laini ikiwa tofauti za kimo chake hazizidi sehemu moja ya nane ya urefu wa wimbi. Kwa mwanga wa kijani hiyo ni nanomita 70 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia.

Kutokana na kanuni hiyo, msasa peke yake hautoshi, hata ukiwa laini namna gani. Chembe za msasa namba P2000 zina ukubwa wa mikromita 10 hivi, na mikwaruzo inayoachwa nazo bado hutawanya mwanga. Sehemu ya mwisho ya kazi hufanywa kwa unga wenye chembe za mikromita moja au chini yake.

## Kutambua rimu na kuikagua

Kabla ya kuanza, fundi huhakikisha kwamba rimu ni ya alumini. Sumaku hunata kwenye chuma lakini hainati kwenye alumini. Rimu chache za pikipiki za mashindano hutengenezwa kwa magnesi, na sumaku hainati kwenye metali hiyo pia. Tone la siki likiwekwa mahali palipokwanguliwa hutoa viputo kwenye magnesi, wakati kwenye alumini hakuna badiliko la haraka. Rimu ya magnesi haifai kung'arishwa nyumbani, kwa sababu vumbi lake huwaka moto kwa urahisi na uso ulioachwa wazi huharibika upesi.

Hatua inayofuata ni kutafuta nyufa. Rimu iliyogonga shimo kwa kasi inaweza kuwa na ufa mwembamba kwenye ukingo, kwenye mzizi wa spoku au karibu na tundu la ekseli. Mara nyingi ufa huo hufichwa na rangi, nao hujitokeza rangi ikiondolewa. Unaweza kuthibitishwa kwa dawa maalumu ya rangi inayopenya ndani ya ufa na kubaki humo baada ya uso kufutwa. Ufa hauponi kwa kusuguliwa. Msasa unaweza kuuficha tu, kwa kuwa metali laini husukumwa na kuziba mdomo wa ufa huku ndani ukiendelea kukua. Rimu yenye ufa huondolewa katika matumizi.

Matundu madogo ya duara yanayoonekana baada ya kusugua kwa kawaida ni viputo vya hewa vilivyobaki wakati wa kumimina, au ni alama za ulikaji. Machache ya juu juu yanaweza kuachwa. Kuyafukuza yote kwa kuendelea kusugua mahali pamoja huacha bonde linaloonekana vibaya zaidi kwenye kioo kuliko tundu lenyewe.

## Kuandaa gurudumu

Gurudumu hufunguliwa kutoka kwenye pikipiki. Tairi, diski ya breki, sproketi na beringi huondolewa ikiwezekana. Visivyoondolewa hufunikwa kwa plastiki na gundi ya karatasi, kwa sababu chembe za msasa zikiingia kwenye beringi huisaga kutoka ndani.

Sehemu zifuatazo hazisuguliwi:

- Kitako cha tairi, yaani mahali ambapo ukingo wa tairi hukaa. Kwa tairi lisilo na tyubu, sehemu hii ndiyo inayozuia upepo kutoka.
- Uso ambao diski ya breki hufungwa. Ukipoteza usawa wake, diski hucheza na breki hutetema.
- Tundu la beringi, kwa kuwa vipimo vyake ni vya sehemu ndogo sana za milimita.
- Ndani ya ngoma ya breki, kwa gurudumu lenye breki za aina hiyo.

## Kuondoa rangi ya juu

Rimu nyingi za kiwandani zina tabaka la vanishi isiyo na rangi au rangi ya unga iliyookwa. Dawa ya kung'arishia haifanyi kazi juu ya matabaka hayo, hivyo huondolewa kwa dawa ya kuondolea rangi inayofaa kwa alumini, kisha rimu huoshwa kwa maji mengi. Glavu zisizopitisha kemikali, miwani ya kinga na mahali penye hewa ya kutosha ni vya lazima.

Njia mbili zinazotumiwa na baadhi ya watu huharibu rimu. Ya kwanza ni kutumia soda kali, yaani hidroksidi ya natiri, ambayo hupatikana katika dawa za kuzibulia mabomba na za kusafishia tanuri. Kemikali hiyo hula rangi, lakini hula alumini pia na kutoa gesi ya hidrojeni inayoweza kulipuka:

2Al + 2NaOH + 6H₂O → 2NaAl(OH)₄ + 3H₂

Ya pili ni kuchoma rangi kwa moto wa gesi. Aloi ya rimu za kumiminwa hupata nguvu yake kwa kupashwa joto la nyuzi 540 hivi za selsiasi, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena katika joto la nyuzi 150 hadi 170 kwa saa kadhaa. Moto usiodhibitiwa hubatilisha kazi hiyo na kuifanya rimu iwe laini. Tofauti na chuma, alumini haibadiliki kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo hakuna dalili ya kumwonya mtu kwamba ameshapita kiasi.

Rimu nyingine zimekuzwa tabaka nene la oksidi kwa umeme ndani ya asidi ya salfuri. Tabaka hilo ni gumu kuliko metali yenyewe. Kuliondoa kwa msasa ni kazi ndefu, na mara nyingi hupelekwa kwa mafundi wenye vifaa vya kemikali.

## Kusugua kwa msasa

Neno msasa ni pia jina la mti, ambao kisayansi huitwa Ficus exasperata. Majani yake hukwaruza, na yametumiwa kulainisha mbao na vyombo tangu kabla ya karatasi za msasa kuuzwa madukani. Msasa wa siku hizi hutengenezwa kwa chembe za oksidi ya alumini au kabidi ya silikoni zilizogandishwa juu ya karatasi au kitambaa. Kwa kazi hii hutumiwa msasa usioharibika ukiloa maji.

Namba ya msasa huongezeka kadiri chembe zinavyokuwa ndogo. Kwa kipimo cha Ulaya chenye herufi P, wastani wa ukubwa wa chembe ni kama ifuatavyo:

- P240: mikromita 58
- P400: mikromita 35
- P800: mikromita 22
- P1200: mikromita 15
- P2000: mikromita 10

Namba ya kuanzia hutegemea hali ya rimu. Yenye mikwaruzo mirefu huanza na P240 au P320, na iliyo nzuri inaweza kuanza na P600. Msasa huloweshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Maji huondoa unga wa metali unaoziba msasa, tena huzuia vumbi kuruka.

Siri ya hatua hii ni kubadili mwelekeo. Ikiwa msasa wa kwanza ulipita kwa kuzunguka rimu, unaofuata hupita kwa kukata njia hiyo. Kwa namna hiyo mikwaruzo ya zamani huonekana wazi kati ya mipya, na fundi hajaruhusiwa kwenda namba inayofuata hadi yote iishe. Kati ya namba moja na nyingine rimu na mikono huoshwa, na maji hubadilishwa. Chembe moja ya P240 iliyobaki kwenye ndoo inaweza kuchora mstari mrefu wakati wa P1200.

Watu wengi huruka namba ili kuokoa muda. Matokeo yake ni kwamba mikwaruzo mirefu haiondoki. Hulainishwa kingo tu, na hufichuka siku rimu inapotolewa juani. Msasa wa P2000 hauna uwezo wa kumaliza kazi iliyoachwa na P400, kwa kuwa huondoa metali kidogo mno. Muda uliookolewa hulipwa mara mbili, kwa sababu kazi hurudiwa kutoka mwanzo.

## Kutia mng'ao

Baada ya msasa, rimu huwa laini lakini yenye ukungu. Mng'ao hutiwa kwa mikono au kwa mashine.

Kwa mikono, dawa ya kung'arishia metali huwekwa kidogo kwenye kitambaa cha pamba na kusuguliwa kwa duara ndogo. Kitambaa hugeuka cheusi mara moja. Weusi huo si uchafu wa rimu, bali ni chembe ndogo sana za alumini na oksidi yake zilizotoka kwenye uso, na hutokea hata rimu ikiwa safi kabisa. Kusubiri kitambaa kibaki cheupe ni kusubiri kusiko na mwisho. Kazi huangaliwa kwenye uso wa rimu.

Kwa mashine, gurudumu la kitambaa hufungwa kwenye drili au mota, na hupakwa dawa ngumu inayouzwa katika umbo la mche kama wa sabuni. Mche huo ni nta au mafuta yaliyochanganywa na unga wa madini. Kwanza hutumiwa dawa ya kukata, ambayo huondoa alama za msasa, halafu dawa laini ya kumalizia. Kila dawa huwa na gurudumu lake la kitambaa, na hayachanganywi. Rangi za miche hazifuati kiwango kimoja kwa watengenezaji wote, hivyo maelezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa.

Kasi inayohesabika ni ile ya ukingo wa kitambaa. Gurudumu la kitambaa lenye kipenyo cha milimita 150 likizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake hupita kwa kasi ya mita 23 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kwa sababu hiyo kitambaa huelekezwa kutoka kwenye kingo za rimu kwenda nje. Kikikutana na ukingo uso kwa uso hunasa, na kurusha drili au kipande kinachoshikwa.

Masalio ya mafuta yanayobaki kwenye kona hufutwa kwa kitambaa laini na unga wa ngano mkavu, ambao hunyonya mafuta bila kukwaruza. Mwishoni rimu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, kisha hukaushwa.

## Hatari

Hatari kubwa kuliko zote ni kung'arisha gurudumu la nyuma likizungushwa na injini. Baadhi ya watu husimamisha pikipiki kwenye stendi, huingiza gia na kushikilia kitambaa kwenye rimu inayozunguka. Kitambaa kikinaswa na spoku, mnyororo au sproketi huvuta mkono kabla mtu hajapata nafasi ya kuuachia, na vidole hukatwa. Injini huzimwa na gurudumu huzungushwa kwa mkono. Glavu za kitambaa hazivaliwi karibu na mashine inayozunguka kwa sababu hiyohiyo.

Vumbi kavu la alumini linaweza kuwaka, na likiwa jingi hewani linaweza kulipuka. Likichanganyika na kutu ya chuma hufanya mchanganyiko uitwao thermiti, unaowaka kwa joto la kuyeyusha chuma. Hivyo chuma hakisagwi kwa grinda mahali palipojaa vumbi la alumini. Tope la alumini lenye maji halifungwi ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kwa kuwa linaweza kutoa hidrojeni polepole. Baadhi ya dawa za kukata zina unga wa silika ambao ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru mapafu. Barakoa ya vumbi na miwani ya kinga huvaliwa muda wote wa kutumia mashine.

Nta au mafuta yakifika kwenye diski ya breki, pikipiki inaweza kushindwa kusimama. Diski husafishwa kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kurudishwa, na pedi zilizoloa mafuta hubadilishwa. Nati ya ekseli na bolti za diski hukazwa kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha pikipiki, gurudumu husawazishwa upya baada ya tairi kurudishwa, na breki hujaribiwa kwa mwendo mdogo kabla ya kuingia barabarani.

## Utunzaji

Alumini iliyo wazi haibaki wazi. Mara tu inapokutana na oksijeni hujifunika tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache. Tabaka hilo ni angavu na halipunguzi mng'ao, tena huilinda metali dhidi ya ulikaji zaidi. Lakini chumvi hulitoboa. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, hewa ya bahari huacha vitundu vyeupe kwenye rimu isiyooshwa. Matope na unga wa pedi za breki huongeza tatizo hilo.

Kwa kuwa vanishi ya kiwandani imeondolewa, mwenye rimu huchagua mojawapo ya njia tatu:

- Kuiacha wazi, kuiosha mara kwa mara kwa sabuni isiyo kali, kuikausha na kuipaka nta. Mng'ao huwa mkubwa, lakini dawa ya kung'arishia hurudiwa kila unapofifia.
- Kuipaka vanishi isiyo na rangi. Utunzaji hupungua, ila vanishi haishiki vizuri juu ya uso laini sana, na jiwe dogo likiitoboa, ulikaji hutambaa chini yake.
- Kuikuza tabaka la oksidi kwa umeme. Uso huwa mgumu, lakini mng'ao hupungua, hasa kwa aloi za kumiminwa zenye silikoni nyingi.

Dawa za kusafishia rimu zenye asidi au alikali kali hazifai kwa rimu iliyong'arishwa. Pamba ya chuma nayo haitumiki, kwa kuwa huacha vipande vidogo vinavyoshika kutu na kuanzisha ulikaji.

Kila safari ya kurudi kwenye msasa huondoa metali kidogo. Rimu inayotunzwa kwa kuoshwa na kupakwa nta inaweza kung'aa miaka mingi baada ya kusuguliwa mara moja, na unene wake ukabaki ule uliokusudiwa na mtengenezaji.